Pombe Katika Ini la Mama

Wewe unayenisikiliza, nina ombi moja kabla sijaanza: usiondoke nikinyamaza. Huwa nanyamaza katikati ya maneno. Ninaponyamaza sijasahau, wala sijamaliza. Ni mazoea ya kazi, na yamenikaa sana, kiasi kwamba siku moja nilinyamaza mbele ya mama yangu mzazi, naye akabaki na nusu ya nilichotaka kumwambia.

Kazi yangu ni kueleza. Kila asubuhi, katika kliniki ndogo ya makazi ya wakimbizi huko Kalobeyei, karibu na Kakuma, nasimama mbele ya mabenchi ya watu wanaosubiri kumwona daktari na kuwaeleza jambo moja la afya: kuhara kwa watoto, chandarua, shinikizo la damu. Nasema sentensi moja kwa Kiswahili, kisha nangoja. Wakalimani wanaichukua mmoja baada ya mwingine, kila mtu na lugha yake, mpaka imefika benchi la mwisho. Ndipo naongeza ya pili. Jambo la dakika tano linakula nusu saa, na mimi nimeshazoea.

Mkalimani wa Kisomali, mzee mwenye ndevu za hina, hachoki kunitania.

"Dada, maneno yako iko kama maji ya bomba ya hapa," aliniambia siku moja. "Inakuja kidogo, inakatika, watu wanangoja na ndoo."

"Na wewe, mzee, unaongeza ya kwako kwenye ndoo. Mimi nimesema sentensi moja, wewe umehutubia."

"Mimi naongeza sukari tu."

Nilicheka siku hiyo. Nilikuwa bado sijajua kwamba mtu anaweza kuondoka na ndoo iliyojaa nusu, akaamini imejaa.

Mama alipika busaa, ile pombe ya nafaka, mjini Lodwar tangu kabla sijazaliwa. Unga wa mahindi uliochachuka aliukaanga juu ya bati kubwa, kwenye moto wa kuni za mathenge, ule mti wa miiba, akiugeuza kwa mwiko mrefu kama kasia. Harufu yake ilikuwa chungu na tamu kwa pamoja, na iliingia kila mahali: kwenye nywele, kwenye magodoro, kwenye sare zetu za shule. Mwalimu aliwahi kunirudisha nyumbani nikaoge, na mimi nilikuwa nimeoga. Nilimchukia mama siku hiyo kwa muda wote wa njia ile ya mchanga. Siku hizi nikipita mitaa ya Lodwar na harufu hiyo ikanijia kutoka uani kwa mtu, miguu yangu hupunguza mwendo yenyewe. Husimama kando ya ua wa watu, mtu mzima na mkoba wake, nikivuta pumzi kama mwizi.

Yeye mwenyewe hakunywa. Alichovya ncha ya kidole, akaonja, akatema pembeni. "Mpishi akishiba, wageni watakula nini?" alisema. Aliyekunywa alikuwa baba. Alikunywa kwa niaba ya nyumba nzima, mpaka macho yakawa ya njano na tumbo likajaa maji, na alifariki nikiwa kidato cha pili. Tangu hapo kulikuwa na swali nyumbani kwetu ambalo kila mtu alilipisha njia kama mgeni mkubwa, na hakuna aliyelisalimu.

Kuna jambo jingine lazima ulijue kuhusu ini la mama, kwa maana bila hilo hutaelewa kosa lake. Kwetu, zamani, mbwa alikuwa mlezi. Mtoto akijisaidia, mbwa alimlamba akawa safi, kwa kuwa maji ya kuoga yalikuwa mbali. Mbwa huyo huyo alikula maini na mapafu ya mbuzi aliyechinjwa, na ndani yake kulikuwa na vijidudu vya mnyoo mmoja mdogo, ambao mayai yake yalimfikia mtoto kupitia ulimi wa mbwa. Ndivyo Waturkana wengi walivyopata uvimbe wa maji kwenye ini, unaokua polepole kama boga. Mama alikuwa nao. Nilikuwa darasa la pili madaktari walipomlaza, wakamchoma sindano ndefu ubavuni, wakafyonza yale maji, wakatia spiriti mle ndani ili iue mnyoo. Alipona. Alizaa tena, akabeba mitungi, akacheza ngoma kwenye harusi za watu.

Ile spiriti ikawa fahari yake. Wateja wakilewa na kumchokoza, aliwajibu, "Nyinyi maini yenu yanaoshwa na busaa yangu. Langu limeoshwa na serikali." Wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, mwaka baada ya mwaka, hata baada ya kusoma mambo ya afya chuoni. Sikuwahi kumwuliza alielewa nini kuhusu sindano ile. Nilidhani mtu anaujua mwili wake mwenyewe.

Mwaka juzi alianza kukonda. Maumivu yalikaa chini ya mbavu za kulia na hayakuondoka. Tulipiga picha ya tumbo Lodwar, tukatumwa Eldoret, na jibu lilikuwa saratani ya ini, tena kubwa, imekwisha kuenea, kisu hakiwezi kuifuata. Damu yake ilionyesha virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huenda aliishi navyo tangu utotoni bila kuvijua. Daktari alizungumza nasi kwa upole. Alisema ni miezi, siyo miaka. Alisema ale vizuri, anywe dawa za maumivu, na ini lisiongezewe mzigo wowote, kwa sababu ini likichoka akili nayo huingia ukungu.

Mama alisikiliza yote akiwa ameweka mikono mapajani. Kisha akaomba jambo moja. Alitaka kupelekwa Kataboi, kando ya ziwa, kwa dada yake mkubwa.

"Nataka nikae naye msimu mzima," alisema. "Ndiye peke yake aliyebaki anayenikumbuka nikiwa sina meno ya mbele. Tutawasengenya waliokufa, mmoja mmoja, tusimwache hata mmoja. Lakini nataka nifike nikiwa na akili yangu kichwani. Mtu hasengenyi vizuri akiwa amechanganyikiwa."

Tukapanga. Mwezi uliofuata ningepata likizo, ningempeleka mwenyewe. Alianza kusuka mkeka wa ukindu wa kumpelekea dada yake, akasema utaisha siku ya safari.

Katikati ya kungoja huko, daktari mgeni alikuja Kakuma kutufundisha sisi wafanyakazi kuhusu ini. Nitakueleza alichosema kama nilivyokielewa, na twende pole.

Pombe ikifika kwenye ini, ini huivunja kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza huigeuza kuwa kitu kiitwacho asetaldehidi, na hicho ni sumu. Hatua ya pili huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kilicho jamaa ya siki, ambacho mwili unaweza kukitumia. Kazi zote mbili hufanywa na vimeng'enya, yaani wafanyakazi wadogo waliomo ndani ya seli. Sasa, seli za saratani ya ini zinazokuzwa kwenye visahani vya maabara mara nyingi huwa zimewapoteza wafanyakazi hao. Ukizimwagia pombe haizisumbui sana, kwa kuwa hakuna wa kuivunja. Watafiti wakazirudishia vimeng'enya vya ile hatua ya kwanza, kisha wakazimwagia pombe. Safari hii ziliivunja. Sumu ikarundikana ndani yake, zikaacha kugawanyika, na nyingi zikafa. Kilichoziua hasa hakikuwa pombe yenyewe. Kilikuwa mabaki yake, ile asetaldehidi.

Yule daktari alisisitiza kwamba haya hayachunguzwi ili watu wenye saratani wanywe pombe. Yanachunguzwa ili tujue pombe inaliharibuje ini, maana seli njema za ini zina vimeng'enya hivyo tele, na sumu ile ile inazipiga hizo kwanza, na hata huweza kuzifanya zigeuke saratani.

Umeona? Ni sentensi nyingi, na ile iliyo muhimu kuliko zote imekaa mwisho.

Jumamosi hiyo nilikwenda Lodwar. Mama alikuwa kivulini nyuma ya nyumba, mkeka ukiwa umefika nusu. Hata hatujamaliza salamu, akalisalimu lile swali letu la miaka mingi.

"Niambie wewe uliyesoma. Ni busaa iliyoniletea hii? Ni hii niliyoipika kwa mikono yangu?"

Sikujitayarisha. Nilitaka kumpa kitu kitamu kwanza, kama mtu anavyompa mtoto sukari kabla ya dawa. Nikasema, "Mama, ya kwako daktari anadhani ni virusi. Na kuna jambo nimejifunza wiki hii. Mabaki ya pombe yanaweza kuua seli za saratani ya ini."

Kisha nikanyamaza, kwa mazoea, kama ninayemngojea mkalimani.

Mama aliacha kusuka. Alinitazama kwa namna ambayo hakuwa amenitazama tangu nilipopita mtihani wa darasa la nane. Nilivuta pumzi nianze sentensi ya pili, na hapo hapo wanawake wa kanisani wakaingia uani wakipaza salamu za Kiturkana, "Ejok! Ejok noi!" wamekuja kumwona mgonjwa, wana chai kwenye chupa na mandazi kwenye beseni. Nikainuka kutafuta viti. Wakaimba, wakaomba, wakakaa hadi jua likashuka. Mama alichoka akalala. Jumapili asubuhi nikapanda gari kurudi Kakuma. Barabarani nilikumbuka kwamba sikumaliza, nikajiambia nitamalizia likizo.

Wiki tatu baadaye dada yangu, anayeishi na mama, alinipigia simu nikiwa kazini, mbele ya mabenchi.

"Mama anakunywa," alisema.

"Anakunywa nini?"

"Chang'aa. Kila asubuhi kikombe kimoja, kabla ya uji. Nikimkataza ananiambia ni wewe umemwandikia."

"Mimi?"

"Anasema mtoto wake wa Kakuma amesoma, sisi tulie."

Sijui mzee wa ndevu za hina aliona nini usoni mwangu. Alichukua kipaza sauti mkononi mwangu akawaambia watu wangoje. Hakuongeza sukari yoyote.

Nilifika Lodwar mchana wa siku ya pili. Mama alikuwa pale pale kivulini, ila miguu ilikuwa imevimba na nyeupe ya macho imekuwa njano. Akanisalimu kwa furaha, akaniita kwa jina la dada yangu, akajisahihisha polepole. Mkeka ulikuwa umelala pembeni. Haukuwa umeongezeka hata shubiri moja tangu nilipoondoka, na sehemu ya mwisho ilikuwa imesukwa upande.

Jirani yetu alikuwa amekaa naye. Huyu ndiye mpika chang'aa wa mtaa, ile pombe kali iitwayo gongo kwingine, na kwa miaka ishirini yeye na mama walirushiana maneno juu ya ua. Mama alikuwa akisema busaa ni chakula na chang'aa ni mafuta ya taa.

"Usinitazame hivyo," jirani aliniwahi. "Sikumlazimisha. Nilimwambia hata mimi: miaka yote unasema pombe yangu inaua panya, leo unataka iue saratani?"

"Na mimi nikakujibu nini?" mama akauliza.

"Ukanijibu basi angalau tumejua inaua."

Wakacheka wote wawili, na kicheko cha mama kikaishia kwenye kikohozi kilichomkunja. Niliketi chini, mbele yake, nikashika miguu yake iliyovimba.

"Mama, kwa nini?"

Akanieleza, kwa subira, kama mimi ninavyowaeleza wengine. Ini lake lilishawahi kuumwa. Madaktari walilitia spiriti, na likapona. Spiriti ile imekaa humo miaka yote, ikilinda kama askari wa mlangoni. Sasa imezeeka, imekwisha nguvu, ndiyo maana ugonjwa mwingine umepita. Na mimi nikaja nikasema mabaki ya pombe huua seli za saratani. "Nikajua ulikuwa unaniambia askari wameisha, niongeze wengine," alisema. "Nikaona aibu kwamba sikuwaza mwenyewe. Nilisema, nikinywa mwezi mmoja nitapata nguvu za Kataboi. Labda nitakaa misimu miwili."

Nilitamani ardhi iseme badala yangu. Kila kipande cha maneno yake kilikuwa na mantiki. Kila kipande alikuwa amekipata kwa mtu aliyesoma, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa hadi mwisho wa maelezo.

"Mama," nikasema, "ile spiriti haikubaki."

"Ipi?"

"Ya sindano. Walifyonza maji, wakatia spiriti, wakangoja kidogo iue mnyoo, kisha wakaifyonza ikatoka. Sindano ile ile."

"Waliitoa?"

"Waliitoa."

"Yote?"

"Kadiri walivyoweza. Wasingeweza kuiacha. Ingekuchoma wewe. Na iliwekwa ndani ya uvimbe, kama maji ndani ya kibuyu. Haikugusa ini lenyewe."

Alijishika ubavu wa kulia. Nilijua ninachokiona. Alikuwa anamtoa yule askari mlangoni baada ya miaka yote ile, na mlango ulikuwa umebaki wazi wakati wote.

"Kwa hiyo nimekaa peke yangu," alisema.

Hapo nikamwambia yaliyobaki. Nilimweleza visahani vya maabara, hatua mbili, wafanyakazi wa ndani ya seli. Nilimwambia kwamba upishi wake ulikuwa wa nje, na ini nalo lina jiko lake, na moshi wa jiko hilo ndio sumu. Sikunyamaza. Jirani alipotaka kuingilia nilimwinulia mkono. Mama alisikiliza akiwa amefumba macho, mpaka dada yangu akanong'ona kwamba amelala.

"Sijalala," mama akasema. "Na baba yako?"

Nilikuwa nimetoroka swali hilo tangu kidato cha pili.

"Baba pombe ilimdhuru, Mama. Lakini kikombe alikishika yeye."

"Mimi ndiye niliyekijaza."

Nilibaki nimeshika miguu yake. Baada ya muda akafungua macho, akamgeukia jirani.

"Umeelewa alichosema?"

"Sijaelewa hata kidogo. Mimi napika tu."

"Basi nikueleze, maana huyu anaeleza kama mtu anayechota maji kwa kijiko." Akajiegemeza kwenye ukuta, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ile ninayoijua. "Huko maabara walikuwa na boma la wezi watupu. Wezi hao hawanywi. Wakafundishwa kunywa, wakatiliwa sumu, wakafa. Watu wakapiga makofi. Sasa ndani yangu wezi wamelala boma moja na watoto na mbuzi. Ukitia sumu kwenye maji ya boma, nani anakufa?"

"Wote," jirani akasema.

"Fikiri vizuri. Mwizi wangu hajafundishwa kunywa."

Jirani akafikiri. Kisha akaweka kiganja mdomoni. "Wanakufa watoto."

"Watoto na mbuzi. Mwizi anabaki na boma." Mama akasukuma kile kikombe chake cha bati kwa mguu, polepole, mpaka kikaanguka mchangani. "Kachukue chupa yako uende nayo. Na usinywe wewe mwenyewe."

"Nani amekuambia nakunywa?"

"Macho yako."

Nimeeleza mambo mbele ya watu kwa miaka mingi na sijawahi kueleza jambo vizuri hivyo. Mara nyingi asubuhi, nikiwa mbele ya mabenchi, natumia boma lake la wezi, na wakalimani wanalipenda kwa kuwa kila lugha ina mwizi na kila lugha ina mbuzi. Naliazima bila kusema ni la nani. Nikilisema nasikia sauti yake chini ya sauti yangu, na nangoja, kwa sekunde moja hivi, anisahihishe.

Aliacha siku ile ile. Uvimbe wa miguu ulipungua kwa dawa, na ukungu nao ukapungua, ingawa haukuondoka wote. Niliiahirisha likizo kwa mwezi mmoja ili apate nguvu. Baada ya wiki kadhaa aliuliza tarehe, akakasirika kwamba likizo yangu imekaribia na mkeka haujaisha. Akafumua ile sehemu iliyokwenda upande, akaisuka upya.

Tulifika Kataboi asubuhi yenye upepo. Mama mkubwa alikuwa amesimama nje ya nyumba yake tangu alfajiri, kipofu wa jicho moja, na alipomsikia mama akishuka garini alisema, "Umechelewa, wewe usiye na meno." Mama akamjibu, "Sasa yameng'oka tena, nimekuja kukuonyesha." Wakashikana mikono, hawakuachana hadi chakula. Walikula samaki wa kukausha waliochemshwa, mama akala vipande viwili, akavisifu kana kwamba ni mbuzi mzima. Halafu wakaketi juu ya ule mkeka wakitazama ziwa, na wakaanza na babu yao.

Alikuwa na siku tisa. Siku ya kumi hakuamka vizuri, na ya kumi na mbili alituacha, akiwa juu ya mkeka wake, mkono wa dada yake kifuani. Mama mkubwa alisema walikuwa wamefika kwa shangazi wa tatu tu. Walikuwa wamebaki wengi.

Nilimwuliza daktari, baadaye, kama zile wiki tatu za chang'aa ndizo zilizokula msimu wake. Alisema hakuna anayeweza kujua. Saratani ilikuwa kubwa, huenda ingekwenda hivyo hivyo. Namwamini. Lakini nikikaa peke yangu ninazitaka zile wiki. Ninazitaka kama mtu anavyotaka maji. Nawaza angekuwa amefika Kataboi mwezi mmoja mapema, mkeka umenyooka, wamewamaliza mashangazi, wameingia kwa wajomba. Sitaki miaka. Nataka wafike kwa wajomba.

Mkeka uko kwangu Kakuma sasa. Mama mkubwa alinipa. Nikiukalia napapasa kwa kidole mahali alipofumua na kusuka upya, ambapo ukindu ni mweupe kidogo kuliko kwingine.

Kazini sijaacha kunyamaza katikati, kwa kuwa wakalimani wanahitaji nafasi yao. Lakini nimebadili mawili. Sentensi iliyo muhimu kuliko zote naisema ya kwanza: pombe si dawa ya ini, kwa sindano ni kazi ya daktari na kwa kikombe ni hatari. Na nikimaliza, siulizi tena kama wameelewa, maana wote husema ndiyo. Namchagua mtu mmoja kwenye benchi, namwomba anieleze yeye, na mimi nafunga mdomo mpaka amefika mwisho. Mzee wa ndevu za hina anasema siku hizi ndoo zinatoka zimejaa.

Nami nimefika mwisho wangu; huku si kunyamaza kwa mazoea. Kwa hiyo, kabla hujaondoka, mgeukie mtu aliye karibu nawe, umweleze kwa maneno yako mwenyewe kwa nini sumu ile iliua seli kwenye kisahani na kwa nini haikuweza kumponya mama yangu. Ukikwama, rudi unisikilize tena, kisha umweleze mpaka mwisho.